Maji ya ukwaju: mfereji mpya, paipu ya zamani

Mama ndie wa kwanza kuyaona. Mie nlikuwa juu naanua nguo, namsikia anaita kutoka jikoni, "Njoo uone! Njoo uone fundi wako alivotufanyia!" (mnajua tena, fundi akiharibu anakuwa wangu, akitengeneza vizuri anakuwa wetu), nikashuka ngazi mbio, na ngazi za nyumba za Mjini mnazijua zilivyo, zimesimama kama unateremka mnazi, nafika jikoni nakuta mfereji mpya unang'ara kama bangili ya arusi na chini yake sinki lote limekuwa jekundu. Si jekundu la damu, ni lile la juisi ya ukwaju ya futari. Mfereji wenyewe unakohoa, unatema upepo, unanyamaza, halafu unatapika tena.

"Hii ndo kazi ya pesa?" mama anauliza. Sikuwa na jibu, na fundi alikuwa keshaondoka saa nzima, keshalipwa, na chai kanywa.

Nyumba yetu iko Kiponda, hapa Mji Mkongwe Unguja, nyumba ya bibi mzaa baba, katika zile za mawe na chokaa ambazo ukuta wake mnene mpaka watoto wawili wanakaa dirishani kama wako barazani. Chini uani kuna birika la zamani la maji ambalo sasa tunawekea ndoo na matambara, juu kabisa kuna tangi la plastiki, na katikati ya hayo mawili ndo kuna mambo. Paipu za chuma alizitia babu, zikachimbiwa ndani ya ukuta, zikazibwa kwa chokaa, na leo hakuna alie hai anaejua zinapita wapi. Kila aliekuja baada yake kaongeza chake. Baba aliunga kipande cha plastiki chini, ami, ndugu yake, akaunga kipande kingine juu, yaani ukichora ramani ya maji ya nyumba hii unakuwa umechora ukoo.

Na maji ya mji huu yana historia yake ndefu pia. Sultani Barghash, alietawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndie alieyaleta Mjini kwa mfereji kutoka Chemchem huko upande wa Bububu, kabla ya hapo watu walikuwa wanaishi kwa visima na wachukuzi wa maji. Nadhani ndo maana sisi mpaka leo ile tunayofungua kwa mkono tunaiita mfereji, wenzetu wa bara wao wanasema bomba. Ukisema bomba kwa mama anakuuliza bomba la nini, la sindano?

Sasa hiyo mifereji yetu mitatu, wa jikoni, wa chooni juu na wa uani, ilikuwa inadondoka kwa miaka miwili. Wa jikoni tuliufunga kitambaa ili maji yateremke kimya kimya usiku, wa uani tuliutegea ndoo, wa chooni tulishauzoea. Ingeendelea hivo hivo mpaka kiama kama si ami kutuma voisi kutoka Maskati kwamba anakuja na watoto, na kwamba hataki kukuta "mambo ya vitambaa". Bas, fundi akatafutwa.

Alikuja Alhamisi asubuhi, kijana, mstaarabu, kafika kwa wakati (hilo peke yake lingetutia wasiwasi). Kafunga maji ya tangi, akataka kufunga na koki kubwa ya mlangoni, koki haigeuki. Mara ya mwisho kugeuka labda mie sijazaliwa. Akatia mafuta, akangoja, akagonga kwa nyundo, akatia spana ndefu na kuning'inia, na kila ikilia ngo! ukutani mie moyo unaruka, maana tokea tarehe 25 Disemba 2020 lile jumba la kale la Beit el Ajaib lilivoanguka ubavu mzima, mtu wa Mji Mkongwe akisikia nyundo kwenye ukuta wa zamani anatazama juu kwanza. Koki ikageuka. Mifereji mitatu ikatolewa, ule wa jikoni ukatoka na kipande cha paipu kilichooza kwenye shingo, akakata, akachonga upya meno ya kuungia, akazungusha katani, akaunga kipande cha shaba na mfereji mpya juu yake. Alipofungua maji mwisho wa kazi yalitoka machafu kidogo, rangi ya chai ya maziwa, akasema, "Hayo yanaondoka yenyewe, bi mkubwa." Akaenda zake.

Hayakuondoka. Kufika magharibi ndo yakawa ukwaju kamili.

Nilimpigia, hapokei. Nikampigia tena, hapokei. Nikamtumia voisi ambayo nnaionea haya mpaka leo, nilimwambia katutilia vitu vya kuokota, kauza mifereji mibovu, na mengine sitayaandika hapa kwa sababu mama anasoma. Kumbe mwenzangu yuko msikitini.

Usiku ule tukafanya kosa la pili, maana la kwanza lilikuwa kulalamika kabla ya kuangalia. Kaka yangu Ijumaa huvaa kanzu nyeupe, moja ile ile, anaipenda kuliko sisi sote. Mama kaitia kwenye mashine pamoja na mashuka, maji yameingia ndani ya mashine nani ayaone, asubuhi inatoka kanzu ina mawingu ya rangi ya machungwa, mgongoni, kifuani, kwenye tarbushi, kile kishada cha shingoni. Mie nikajifanya mjuzi, nikachukua blichi. Msifanye hivo! Blichi kwenye doa la kutu haitoi kitu, inalikoleza. Kutu ni chuma kilichokwisha kula hewa, na blichi kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzidi kukilisha, kwa hiyo chuma chochote kilichokuwa kimejificha ndani ya uzi bila rangi kinajitokeza, na kilichokuwa na rangi kinaganda. Mawingu yakawa ramani. Kaka akaiangalia, akaniangalia mimi, akavaa kanzu ya kijivu akaenda bila kusema neno, na alivyo mtu wa maneno nikajua kaumia.

Dawa yake tulikuwa nayo kwenye kapu siku zote. Ndimu. Unaisuuza kwanza nguo mpaka blichi yote iondoke, na hapa msifanye haraka maana blichi ikikutana na kitu kikali kama ndimu au siki inatoa moshi mbaya wa kukaba roho, halafu unaikamulia ndimu juu ya doa, unatia chumvi, unaianika juani, ikikauka unakamua tena. Ukali wa ndimu unakiyeyusha kile chuma kinatoka na maji. Ni kazi ile ile bibi alokuwa akifanya kwa masinia ya shaba. Siku tatu kwenye roshani na kanzu ikarudi, limebaki doa moja kwapani ambalo kaka anasema halionekani na sisi sote tunakubali halionekani.

Ijumaa hiyo hiyo chai nayo ikatutia kiwewe. Mama alichota maji ambayo kwa macho yalikuwa meupe, kayachemsha, katia majani, chai ikawa nyeusi ya samawati kama wino, juu imetanda ngozi inayong'ara. Akaimwaga akisoma aya. Kumbe hapana jini, majani ya chai yana ule ukakasi unaokausha ulimi, na ukakasi ule ukikutana na chuma unakuwa rangi nyeusi, watu wa zamani wakitengenezea wino wa kuandikia kwa njia hiyo hiyo, chuma na ukakasi wa mimea. Kwa hiyo kama hamna kipimo cha maji nyumbani, mna buli. Tokea siku ile mama akiwa na shaka na maji anatia chai kidogo kwenye gilasi na kutazama.

Pia likaja suala la kutawadha. Mama hakutaka kutumia maji yale kwa udhu mpaka aulize, akampigia ustadhi wake wa darsa, na jibu likaja kwa upole kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyogeuka rangi kwa sababu ya kitu kilichopo kwenye njia yake au mahali yanapokaa, ambacho huwezi kuyakinga nacho, yanabaki tohara na yanatoharisha. Akaridhika. Ila akaendelea kutawadhia ya dumu, anasema tohara ni tohara lakini uso wake si wa kupaka kutu.

Jumamosi asubuhi nikashuka barazani nimenuna. Jirani yetu, mzee alofanya kazi ya ufundi wa mashine za meli miaka mingi, alikuwa kakaa na kahawa yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeskia mmepata mfereji wa juisi." Habari za Kiponda zinapita kasi kuliko maji.

Nikamhadithia, nikamtukana fundi kidogo, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja ambalo sie watu wazima wanne ndani ya nyumba hatukuuliza. "Mekundu mifereji yote au mmoja?"

Sijui.

"Basi nenda kajue kwanza."

Nikatafuta chupa tano za maji za lita moja na nusu, nikazikata vichwa, nikaandika kwa kalamu. Moja nikajaza pale maji yanapoingia nyumbani, kabla hayajafika kwenye koki. Moja ndani ya tangi lenyewe juu. Moja mfereji wa uani, moja chooni, moja jikoni. Nikazipanga dirishani, watoto wakaambiwa atakaegusa atalala na njaa. Ilikuwa kama duka la juisi. Kesho yake asubuhi ya barabarani nyeupe, ya tangini nyeupe na mchanga kidogo, ya uani ilianza nyekundu lakini nilipoacha maji yaende ndoo tatu hivi na kujaza tena ikawa safi, ya chooni nusu kwa nusu, na ya jikoni ndani yake limekaa tope la kahawia chini unene wa kidole na maji juu yake yametulia kama hayakufanya kitu.

Kwa hiyo mfereji mpya hauna kosa, tangi halina kosa, maji ya mji hayana kosa. Mwizi yuko kwenye paipu za babu za ndani ya ukuta, hasa ile inayoteremka kutoka tangini kuja jikoni.

Babu wa barazani alinieleza kwa vidole vyake kwenye kikombe cha kahawa. Paipu zile za chuma zilipakwa zinki ndani na nje ili chuma kisikutane na maji. Zinki haidumu milele, inaliwa kidogo kidogo, miaka arobaini, hamsini, ikiisha chuma kinabaki uchi na kinaanza kuota vijundu vya kutu ndani, kimoja juu ya kimoja, mpaka njia ya maji inakuwa nyembamba. Lakini vijundu hivyo vimeshikana, maji yakipita pole pole kila siku hayaving'oi, yanapita pembeni kama watu wanavopishana kwenye vichochoro vyetu. Sasa fundi kafunga maji tokea asubuhi, paipu ikakaa tupu, hewa ikaingia, vijundu vikakauka na kupasuka. Juu ya hapo kaigeuza kwa spana na kuigonga, ikatikisika yote. Kisha kafungua maji kwa mara moja, maji yakashuka na upepo mbele yake yakaipiga paipu kama ngumi. "Hakuileta kutu," akasema, "kaiamsha."

Nikarudi juu nikifikiri. Maana nikikumbuka vizuri, mama miaka yote akiamka alikuwa anamwaga kata mbili za kwanza kabla ya kutia maji kwenye sufuria, hakuna alomuuliza kwa nini na yeye mwenyewe hajui, kamuona mama mkwe wake akifanya. Na maji ya zamu, leo yapo kesho hayapo, yanafanya kazi ile ile ya fundi kila wiki bila spana, yanaijaza paipu na kuikausha, kuijaza na kuikausha, na chuma hakuna kinachokimaliza kama hivo, unyevu na hewa kwa pamoja. Tena nikakumbuka Mei 2008, kebo ya umeme kutoka bara ilipokufa Unguja nzima tukakaa giza karibu mwezi mzima, pampu hazifanyi kazi, mifereji mikavu, tunabeba madumu. Umeme uliporudi maji ya kwanza ndani ya nyumba yalikuwa mekundu hivi hivi. Na mwisho wa 2009 kebo ikafa tena miezi mitatu na mambo yakawa yale yale. Tulisema maji ya serikali machafu. Na jirani wa mkono wa kulia mwenye paipu za plastiki yake yalitoka meupe, sisi tukaona ana bahati.

Sasa la kufanya. Nimesoma ushauri mwingi mtandaoni na karibu wote unaanza na "fungua mfereji uache maji yatiririke nusu saa". Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza. Huyo alieandika maji yake hayakatiki. Sie tukiacha maji nusu saa tumemwaga ya siku mbili. Lakini ushauri wenyewe si mbaya, unataka kubadilishwa uvae kanzu. Tulivofanya, siku ya zamu maji yalipokuja na nguvu tulianza mfereji wa chini ulio karibu na mlango, halafu tukapanda juu mmoja mmoja, na hatukumwaga tone, kila mfereji una ndoo chini yake. Ndoo nyekundu zikakaa usiku kucha, asubuhi kutu yote imelala chini, unachota ya juu kwa kata bila kutikisa, hayo ya kusafishia choo, kupigia deki na kumwagilia vile vyungu viwili vya mama vya asumini. Kunywa na kupikia tukachota tangini moja kwa moja. Kuchemsha hakusaidii, niseme wazi maana shangazi kashikilia kuwa maji yakichemka kila kitu kinakufa, vidudu vinakufa kweli, kutu haina roho, maji yanakwenda na mvuke na yenyewe inabaki sufuriani, tena imezidi.

Kama yanadhuru? Chuma chenyewe kwa kiasi kile si sumu, Shirika la Afya Duniani halikuweka hata kikomo cha afya kwa chuma cha kwenye maji ya kunywa, wanachosema ni kwamba kikizidi miligramu 0.3 kwa lita kinaanza kutia madoa nguo na masinki, na ladha nayo inaanza kuonekana. Kinachonitia wasiwasi mie ni vyengine vinavoweza kukaa humo humo ndani ya kutu, zile zinki za zamani na viungio vya zamani vilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na vijundu vya kutu vinaishika risasi na kuiachia siku vinapobomoka. Kwa hiyo mtoto mdogo ndani ya nyumba hapewi maji mekundu, hata yakishatulia.

Jumanne mfereji wa jikoni ukaanza kutoa maji kama uzi. Mama akasema si nlikwambia, mifereji ya kuokota. Nikaufungua pale mdomoni, kuna kile kiwavu kidogo cha kuyachuja maji yasirukeruke, kimejaa chembe za kutu mpaka hakuna tundu. Nikakisugua kwa mswaki wa zamani na ndimu, maji yakarudi. Mashine ya kufulia nayo ina kiwavu kama hicho pale mpira unapoingia, na bomba la mvua la chooni vile vile. Kama mnafanyiwa kazi ya mifereji kwenye nyumba ya zamani mwambieni fundi avitoe viwavu vyote kwanza, afungue maji taratibu, robo robo, mifereji yote iwe wazi ili upepo utoke, na avirudishe siku ya pili. Hilo ndo kosa pekee la fundi wetu. Hilo na jengine moja nitakalolisema.

Kwa sababu alikuja. Jumatano, bila kinyongo, kavaa kofia yake, kasema, "Dada, niliskia voisi yako." Nikataka ardhi ipasuke. Nikamuomba radhi mbele ya mama, mama akamuomba radhi kwa niaba yangu mara mbili zaidi, nikazileta chupa zangu tano kumuonesha. Akaziangalia muda mrefu. Akakiri kwamba angetuambia mapema, kila nyumba ya huku anajua inatokea, lakini ukimwambia mwenye nyumba kabla ya kazi kwamba maji yatakuwa mekundu hakupi kazi.

Lile la pili babu wa barazani ndie alolisema alipopandishwa juu kuona. Kaunga shaba moja kwa moja kwenye chuma cha zamani. Kwenye meli, anasema, hilo ni kosa la mwanafunzi, madini mawili tafauti yakigusana ndani ya maji yanakuwa kama betri, na kwenye betri hiyo chuma ndo kinacholiwa, tena maji yetu ya visima vya mawe ya chokaa yana madini mengi (tazama birika lako la umeme lilivoota ukoko mweupe) kwa hiyo yanapitisha vizuri. Shingo ile iliyooza jikoni ilioza pale pale alipounga fundi wa kabla. Fundi wetu akakaa kimya, akatoa kile kipande, akatia kiungio cha plastiki katikati ili shaba na chuma visigusane. Nikapenda alivokubali. Watu wawili wa ufundi wamesimama jikoni kwetu wanapishana kwa adabu, mama anawamiminia chai ya maji ya tangini.

Alipokata tena kidogo ili aunge, kipande cha kama kiganja kikaanguka chini nikakiokota. Paipu ya robo tatu inchi. Ndani tundu iliyobaki haipitishi penseli. Ilobaki ni kutu, tabaka juu ya tabaka kama chapati, na ukiigonga mezani inamwagika unga. Tulikuwa tunakunywa kupitia hapo. Nikakipiga picha nikamtumia ami, akajibu kwa voisi ya dakika nne ambayo tatu zake ni kuhusu babu alivozileta paipu zile na jinsi mtaa mzima ulivokuja kuziangalia.

Baada ya hapo hakukuwa na mjadala mrefu, kuosha tu hakutoshi, kila wakifunga maji itatapika. Mjadala ulikuwa wa ukuta. Kaka alitaka ipasuliwe itolewe. Mama kakataa, na mie nikawa upande wa mama, ukuta wa mawe na chokaa si wa tofali za saruji, ukiuchimba mstari mrefu kwenda juu hujui unagusa nini, ukiuziba kwa saruji inafungia unyevu ndani na chokaa inaanza kumung'unyika. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tokea 2000 na huwezi tu kupitisha mapaipu mbele ya nyumba upande wa njiani. Kwa hiyo ya babu imeachwa humo humo, imekatwa juu na chini na kuzibwa, na mpya za plastiki za kijani zile za kuchomea zimeteremshwa kwa ndani, kwenye ua wa katikati, upande usiopata jua, maana plastiki ile jua linaila kama zinki inavoliwa na maji. Bei sitaji. Mama anasema zinaonekana kama nyoka wa miembeni na kazitundikia kanga.

Ami kaja, watoto wake wamekoga, chai rangi yake ni ya chai. Siku ya tatu akauliza mbona hakuna aliemuonesha mfereji wa zamani, ule wa shaba wa jikoni wenye kitambaa, anataka kwenda nao Maskati. Mama alishauuza na vyuma chakavu vyengine kwa kijana mwenye mkokoteni. Mpaka sasa hatujamwambia.

Umebaki wa uani. Pesa iliisha kabla ya kufika huko, kwa hiyo ule bado uko kwenye chuma cha zamani, ukikaa siku bila maji unatoa ndoo moja ya ukwaju halafu unasafika. Watoto wanaujua, wanauita mfereji wa futari. Naandika hapa maji ya zamu yashafika, nausikia chini unaanza kukohoa, ngoja niende nikautegee ndoo.